Sura ya Tano: Mfalme Aliyeuawa Mara Mbili

Magharibi mwa Iran, kando ya barabara ya kale iliyotoka Babeli na kupanda kuelekea Ekbatana, mji unaoitwa leo Hamadan, kuna jabali liitwalo Bisotun. Juu kwenye uso wa jabali hilo, mbali mno kwa jicho la mpita njia kusoma, Dario wa Kwanza aliamuru ichongwe habari ya jinsi alivyoupata ufalme wa Uajemi. Imeandikwa kwa lugha tatu, Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli, na pamoja nayo kuna picha iliyochongwa mwambani. Dario amesimama, uta mkononi, na mguu wake wa kushoto umemkanyaga mtu aliyelala chali na kuinua mikono. Mbele yake wamepangwa wanaume tisa, mikono imefungwa nyuma na shingo zimeunganishwa kwa kamba. Yule aliye chini ya mguu anaitwa Gaumata, mmajusi. Kosa lake, kwa mujibu wa maandishi, ni kwamba alijifanya Bardiya mwana wa Koreshi, na kwa hila hiyo akatawala himaya iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana hadi wakati ule. Katika sura hii nitatetea rai iliyo kinyume cha maandishi hayo. Ushahidi tulionao, ukipimwa kwa mizani ile ile tunayompimia mshitakiwa yeyote, unaonyesha kwamba mtu aliyeuawa Septemba mwaka 522 K.K. alikuwa Bardiya mwenyewe, mrithi halali, na kwamba jina la Gaumata alivishwa baada ya kufa ili waliomuua wapate kutawala.

Tuanze na familia. Koreshi, mwanzilishi wa himaya, alifariki mwaka 530 K.K. na kuacha wana wawili ambao maandishi ya Bisotun yanakiri kuwa walikuwa wa baba mmoja na mama mmoja: Cambyses na Bardiya. Cambyses akashika kiti. Bardiya naye hakuachwa mikono mitupu. Ctesias, tabibu Mgiriki aliyeishi katika ikulu ya Uajemi zaidi ya miaka mia moja baadaye, anasema alipewa majimbo ya mashariki bila kudaiwa kodi. Xenophon anampa Umedi na Armenia. Waandishi hawa hawapatani kuhusu ramani, lakini wote wawili wanamwonyesha mtu mzima mwenye cheo, liwali mkubwa mwenye watu na mali chini yake. Mwaka 525 K.K. Cambyses aliiteka Misri, akakaa huko hadi 522, na akafia njiani huko Shamu alipokuwa akirudi. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasema hakuacha mtoto yeyote, wa kiume wala wa kike. Kwa hali hiyo mrithi alikuwa mmoja tu. Hata Dario halipingi jambo hili. Kesi yake yote imejengwa juu ya nguzo moja, kwamba wakati huo Bardiya alikuwa amekwisha kufa.

Dario anasimulia kwamba Cambyses, kabla ya kwenda Misri, alimuua ndugu yake kwa siri na watu hawakujua. Cambyses alipokuwa mbali, uongo ukaenea nchini. Ndipo Gaumata alipojitokeza mahali paitwapo Paishiyauvada, karibu na mlima Arakadri, akadai kuwa ndiye Bardiya. Maandishi yanataja siku na mwezi, na tukizihamishia kwenye kalenda yetu tunapata tarehe 11 Machi 522 kwa kuanza kwa uasi na tarehe 1 Julai kwa kushika ufalme. Baadaye Cambyses akafa. Tarehe 29 Septemba Dario na wenzake sita wakamuua yule mmajusi katika ngome ya Sikayauvatish, wilaya ya Nisaya, huko Umedi. Kwa jumla tarehe hizi zinaaminika. Makarani wa Babeli, walioandika mikataba ya mikopo, mauzo na kodi za mashamba kwenye vibao vya udongo, walianza mwezi Aprili kuweka juu ya vibao hivyo jina la Barziya, ndivyo walivyomwita, mfalme wa Babeli na mfalme wa nchi zote, wakaendelea hadi Septemba. Lakini usahihi wa tarehe usitupumbaze. Kila mfanyabiashara wa Babeli alikuwa na kibao nyumbani chenye jina la mfalme huyo, kwa hiyo Dario hakuwa na njia ya kukana kwamba mtu aliyeitwa Bardiya alitawala. Alichoweza kukana ni nafsi yake tu, na ndicho alichokana.

Sasa tuulize swali ambalo hakimu yeyote angeuliza: ni nani shahidi wa mauaji yale ya siri? Cambyses, anayetuhumiwa kuyaamuru, amekufa. Bardiya, anayesemekana kuuawa, hayupo. Gaumata, ambaye angeweza kuhojiwa, ameuawa ndani ya ngome na watu saba ambao ndio waliochukua madaraka siku ile ile. Dario anaongeza kwamba Gaumata aliwaua wengi waliomjua Bardiya wa kweli, na hivyo hata wale ambao wangeweza kueleza sura ya mtu yule wanaondolewa mahakamani kabla hatujawaita. Kisa kilichojengwa namna hii kimefunga kila mlango wa kukichunguza. Hilo peke yake halithibitishi kuwa ni uongo, maana siri za kweli nazo huacha mashahidi wachache. Linatulazimu, hata hivyo, kukiuliza kisa chenyewe kama kinawezekana.

Na hapo ndipo kinapoanza kulegea. Kama Bardiya aliuawa kabla ya safari ya Misri, basi alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya Gaumata kutokea. Huyu hakuwa mchungaji wa milimani ambaye kutoonekana kwake kungeulizwa na majirani wawili. Alikuwa mwana wa Koreshi, mtu wa pili katika himaya, mwenye makarani, walinzi, dada zake na binti, tena binti tunayemjua kwa jina, Parmys. Alipaswa kupokea barua, kukagua askari, kutoa hukumu na kuonekana kwenye sherehe. Tunatakiwa kuamini kwamba kwa miaka hiyo yote hakuna hata mmoja aliyeuliza yuko wapi, na kwamba alipotokea mtu mwingine mwenye uso wake, watu wa nyumbani kwake walimpokea, wakaishi naye zaidi ya miezi sita, na hakuna aliyegundua. Herodotus mwenyewe aliuona ugumu huu. Ndiyo maana anatuambia kwamba mmajusi alifanana mno na Bardiya, kwamba hata jina lao lilikuwa moja, kwamba hakutoka nje ya ikulu, na kwamba aliwatenganisha wake wa mfalme wasizungumze wao kwa wao. Juu ya hayo anaweka kisa cha masikio: Koreshi aliwahi kumkata mmajusi huyo masikio, na Phaedyme, binti wa Otanes, aliyapapasa usiku mume wake alipolala, ndipo siri ikafichuka. Kila kiraka kinachoongezwa kinaonyesha tundu lililokuwepo. Mtu aliyekatwa masikio akae miezi kadhaa na wake wa mfalme, wahudumu wa kumvika, wapishi na matowashi, kisha agunduliwe na mwanamke mmoja gizani! Kisa hiki kinapendeza kusimuliwa, ila hakiwezi kubeba mzigo wa kuthibitisha kwamba mfalme hakuwa mfalme.

Wako watakaopinga kwamba historia inawajua walaghai wa aina hii, na waliofaulu. Mfano wenye nguvu zaidi unatoka Urusi. Mwaka 1605 kijana mmoja aliingia Moscow akidai kuwa ni Dmitri, mwana wa Tsar Ivan wa Nne, ambaye watu waliamini amekufa mwaka 1591. Akatawazwa, na mama wa marehemu akakubali hadharani kwamba huyo ni mwanawe. Aliuawa Mei 1606, kabla hajamaliza mwaka. Hoja hii lazima ipewe uzito wake. Inathibitisha kwamba ulaghai wa kiti cha enzi unawezekana. Lakini tazama tofauti. Dmitri alifariki akiwa na miaka minane, na aliyedai jina lake alikuja akiwa kijana aliyepevuka. Hakuna aliyetarajia uso wa mtoto ubaki vile vile. Kifo chake kilikuwa jambo la hadharani, lililochunguzwa na tume, na kurudi kwake kulikuwa muujiza uliozungumzwa kote. Bardiya alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuzaa, kifo chake hakikujulikana, na hakuwa na haja ya kufufuka kwa kuwa machoni pa watu hakuwahi kufa. Ulaghai wa Urusi ulijaza pengo ambalo kila mtu aliliona. Ule wa Uajemi ulipaswa kujaza pengo lisiloonekana na mtu yeyote, mbele ya watu waliomjua mhusika kwa sauti na kwa mwendo.

Pingamizi zito zaidi linahusu wingi wa mashahidi. Dario anasema mmajusi, Herodotus anasema mmajusi, Ctesias anasema mmajusi. Je, wote watatu wamekosea? Jibu linategemea kama hao kweli ni watatu. Maandishi ya Bisotun yanasema wazi kwamba nakala zake zilipelekwa katika nchi zote za himaya, na tunajua kuwa hilo si majivuno matupu. Kipande cha nakala ya Kibabeli kilichochongwa kwenye jiwe kimepatikana Babeli, na nakala ya Kiaramu iliyoandikwa kwenye mafunjo imepatikana Elephantine, kusini kabisa mwa Misri, katika kambi ya askari Wayahudi. Habari hii basi ilitangazwa kwa amri, ikasomwa na kunakiliwa tena vizazi kadhaa baadaye. Herodotus aliandika takriban miaka 90 baada ya tukio. Anawataja wale saba, na majina sita kati ya saba yanalingana na ya jabalini. Wengi wameuona ulinganifu huo kuwa ni uthibitisho wa ukweli wa kisa. Ninavyouona mimi, unathibitisha tu kwamba habari zake zilitoka, kwa njia moja au nyingine, kwenye tangazo la mshindi na katika nyumba za wakuu walionufaika nalo. Mwangwi hauhesabiwi kuwa sauti ya pili.

Zaidi ya hayo, pale mashahidi hawa wanapoondoka kwenye tangazo, wanagongana vibaya. Dario anasema Bardiya aliuawa kabla ya vita vya Misri. Herodotus anasema alikwenda Misri, akarudishwa kwa wivu, kisha akauawa na Prexaspes kwa sababu Cambyses aliota ndoto. Na kuhusu namna ya kuuawa ana habari mbili, ya kwanza kwamba alichukuliwa kuwinda, ya pili kwamba alizamishwa baharini. Ctesias anasema alinyweshwa damu ya ng'ombe, na kwamba ni Cambyses mwenyewe aliyemweka mmajusi badala yake, ulaghai ukadumu miaka mitano. Hata jina la mmajusi halifanani: Gaumata kwa Dario, Smerdis kwa Herodotus, Sphendadates kwa Ctesias. Wanalokubaliana ni lile moja ambalo serikali ilitaka likubaliwe, kwamba aliyeuawa na Dario hakuwa mwana wa Koreshi. Yote ambayo shahidi wa kweli angeyajua, yaani lini, wapi, vipi na kwa mkono wa nani, kila mmoja amejitungia yake.

Kuna shahidi mwingine ambaye hasikilizwi vya kutosha, naye ni mzee kuliko Herodotus. Mwaka 472 K.K., miaka 50 tu baada ya tukio, Aeschylus alionyesha Athens tamthilia yake kuhusu Waajemi, yeye ambaye alikuwa amepigana nao vitani. Ndani yake kivuli cha Dario aliyekwisha kufa kinaorodhesha wafalme waliotangulia. Baada ya mwana wa Koreshi anatajwa Mardos, ambaye analaumiwa kwamba aliiaibisha nchi na kiti cha kale, kisha inaelezwa kuwa aliuawa kwa hila ndani ya ikulu na Artaphrenes pamoja na wenzake. Mshairi hamsifu mfalme huyo hata kidogo. Lakini yumo katika orodha, amehesabiwa mfalme kama wengine, na hakuna neno juu ya mmajusi wala juu ya mtu aliyejifanya mwingine. Mtu aweza kusema kwamba ushairi hauna wajibu wa kueleza kila kitu, na ni kweli. Ila kisa cha laghai aliyekalia kiti cha Koreshi kingekuwa kitamu sana kwa watazamaji wa Athens, na ni vigumu kuelewa kwa nini mwandishi mahiri kama yule angekiacha kama alikijua.

Itakumbukwa pia kwamba mauaji ya ndugu ni sehemu ya picha kubwa zaidi, ile ya Cambyses mwendawazimu. Herodotus anasimulia kwamba huko Misri alimchoma kisu ng'ombe mtakatifu Apis, akadhihaki makuhani, akaua watu wake mwenyewe. Kwa bahati nzuri Misri imehifadhi kumbukumbu zake. Katika makaburi ya Apis huko Saqqara kuna jiwe la kumbukumbu na jeneza la jiwe la ng'ombe aliyezikwa katika mwaka wa sita wa Cambyses, jeneza ambalo mfalme mwenyewe alilitoa kwa heshima zote za dini ya Kimisri. Udjahorresnet, ofisa Mmisri aliyemtumikia, aliandika kwenye sanamu yake kwamba mfalme alilisafisha hekalu la Neith mjini Sais na kusujudu humo. Cambyses huenda alikuwa mtawala mkali, na makuhani waliopunguziwa mapato walikuwa na sababu ya kumchukia. Hata hivyo tukishajua kwamba jina lake lilipakwa matope kwa wingi kiasi hiki baada ya kufa, hatuwezi kuchukua dhambi moja tu kati ya zote, ile iliyomfaa zaidi aliyemrithi, tukaiamini bila ushahidi.

Tumgeukie sasa Dario na haki yake. Jabalini anajitambulisha kuwa wa ukoo wa Achaemenes, na anasema watu wanane wa ukoo wake walikuwa wafalme kabla yake, yeye ni wa tisa. Tatizo ni kwamba Koreshi, katika silinda yake mashuhuri ya udongo iliyopatikana Babeli, anataja nasaba yake hadi kwa Teispes, wote wakiwa wafalme wa Anshan, na Achaemenes hatajwi. Yapo maandishi huko Pasargadae yanayomwita Koreshi Mwakemeni, lakini mwandiko wa kikabari wa Kiajemi cha kale uliotumika hapo, kwa maoni ya wataalamu wengi, ulibuniwa katika enzi ya Dario, kwa hiyo ni Dario aliyemwekea marehemu maneno hayo. Lililo zito zaidi ni kwamba Dario alipotwaa kiti, baba yake Hystaspes na babu yake Arsames walikuwa hai wote wawili. Tunalijua hili kutoka kwake mwenyewe na kwa mwanawe Xerxes, walioliandika kwa fahari. Kama ufalme ulikuwa unarudi katika ukoo kwa haki ya damu, ulipaswa kupita kwa babu, au kwa baba aliyekuwa akiongoza majeshi huko Parthia wakati huo huo. Uliangukia kwa kijana ambaye Herodotus anasema alikuwa mbeba mkuki wa Cambyses huko Misri, mtu asiye na umaarufu bado. Sheria ya urithi haikumpeleka hapo. Alifikishwa na upanga, pamoja na wenzake sita.

Kwa nini hao sita walikubali? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mikono ya wakuu hawa haikubaki mitupu. Herodotus anaeleza kwamba walipewa haki ya kuingia kwa mfalme bila kutangazwa, na kwamba mfalme alifungwa kuoa kutoka katika nyumba zao tu. Jabalini Dario anawaagiza wafalme watakaokuja wazilinde familia za watu hao. Upande wa pili, tunajua mfalme aliyeuawa aliwafanyia nini. Herodotus anasema alizisamehe nchi zilizotawaliwa kodi na utumishi wa jeshi kwa miaka mitatu, na kwamba alipokufa alililiwa na kila mtu wa Asia isipokuwa Waajemi. Dario kwa upande wake anasema aliwarudishia watu malisho, mifugo, watumishi na nyumba ambazo mmajusi alikuwa amewanyang'anya. Tukiziweka kauli hizo mbili pamoja tunapata sura ya mfalme aliyetaka kuwapendeza wengi kwa kuwapunguza nguvu wakuu wachache, wale ambao utajiri wao ulitokana na vita na kodi. Hayo ni mambo ya mtawala mwenye mpango, anayejiona ana haki ya kuutekeleza. Laghai anayeogopa kutambuliwa angekuwa na kila sababu ya kuwanyamazisha wakubwa kwa zawadi, na mwisho kabisa wa mambo ambayo angethubutu ni kuwagusa mashamba yao.

Kisha himaya ikatoa jibu lake. Ndani ya siku chache baada ya mauaji, Babeli ilimtawaza mtu aliyejiita Nebukadreza mwana wa Nabonidus. Elamu ikaasi, Umedi, Armenia, Parthia, Margiana na nyinginezo zikafuata. Dario anajisifu kwamba ndani ya mwaka mmoja alipigana vita 19 na kuwakamata wafalme tisa. Nchi zile zilikuwa na malalamiko yao, na haifai kudai kwamba kila uasi ulikuwa wa kumlilia Bardiya. Lakini uasi mmoja unadai kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ulitokea Uajemi penyewe, nyumbani kwa Koreshi. Mtu aitwaye Vahyazdata alisimama mji wa Tarava akasema: Bardiya ni mimi. Jeshi la Waajemi lililokuwa ikuluni, Dario mwenyewe anakiri, lilimwacha Dario na kumfuata huyo. Akapata nguvu ya kutuma askari hadi Arachosia, katika Afghanistan ya leo, na ilihitajika vita zaidi ya kimoja kabla hajakamatwa na kutundikwa mtini.

Wanaomtetea Dario wanaushika uasi huu kama silaha. Wanasema: kama Vahyazdata aliweza kuwadanganya Waajemi, kwa nini Gaumata asiweze? Nadhani silaha hii inamkata anayeishika. Vahyazdata alikuwa kiongozi wa waasi vitani, mbali na wake na dada wa Bardiya, na wafuasi wake hawakuhitaji kuuchunguza uso wake ili wapate sababu ya kupigana. La maana ni kile walichokuwa tayari kukiamini. Dario alikuwa ametangaza kwamba Bardiya alikufa miaka kadhaa iliyopita kwa mkono wa kaka yake. Waajemi, watu waliokuwa karibu zaidi na familia ile, waliisikia habari hiyo wakaikataa. Kwao Bardiya alikuwa mfalme wao hadi juzi, na kama kulikuwa na uvumi kwamba ameponyoka ngomeni, waliukimbilia. Hakuna anayekufa vitani kwa ajili ya jina la mtu aliyetoweka zamani bila kuulizwa. Dario alishinda, na kufikia mwaka wake wa pili, 520 K.K., hata manabii Hagai na Zekaria kule Yerusalemu walikuwa wakihesabu siku kwa miaka ya utawala wake. Ushindi huo ulikuwa mkubwa, na Dario akawa mmoja wa watawala hodari kabisa wa ulimwengu wa kale. Uhodari wake haujibu swali letu.

Mwenendo wake baada ya ushindi unasema zaidi. Alimwoa Atossa, binti wa Koreshi aliyekuwa mke wa Cambyses na kisha wa yule aliyeuawa. Akamwoa Artystone, binti mwingine wa Koreshi. Akamwoa Parmys, binti wa Bardiya. Akamwoa na Phaedyme. Hakuacha mwanamke yeyote wa nyumba ile ambaye mtoto wake angeweza kudai kiti. Alikuwa tayari na wana kutoka kwa binti wa Gobryas, na mkubwa wao alikuwa Artobazanes. Lakini alipofariki mwaka 486 K.K. aliyerithi ni Xerxes, mwana wa Atossa, na sababu mojawapo inayotolewa na Herodotus ni kwamba damu ya Koreshi ilikuwa ndani yake. Kwa uamuzi huo nyumba ya Dario ilikiri kwamba haki ya kutawala ilikaa katika ukoo wa Koreshi, ukoo ule ule ambao mwanamume wake wa mwisho aliuawa Sikayauvatish.

Sherehe ya kila mwaka ya kuadhimisha kuuawa kwa mamajusi, anayoitaja Herodotus, hutolewa nayo kama ushahidi. Ila sherehe huanzishwa na walioshinda, na huhifadhi habari kama walivyotaka ihifadhiwe. Vibao vya Persepolis vya enzi ya Dario mwenyewe vinaonyesha mamajusi wakipokea posho za serikali kwa ajili ya ibada, wakiwa watu wa kawaida na wa heshima. Adui wa taifa hapewi posho.

Nakiri kuwa vibao vya Babeli vyenye jina la Barziya havimalizi shauri, kwa kuwa karani huandika jina analoambiwa. Nakiri pia kwamba wanahistoria hawajafikia mwafaka: A. T. Olmstead na Muhammad Dandamaev walishikilia kwamba Bardiya alikuwa wa kweli, naye Josef Wiesehöfer akatetea, kwa hoja za kuheshimiwa, kwamba Gaumata alikuwepo. Tukio la miaka 2,500 iliyopita, lililofichwa na wenyewe, haliwezi kutupatia yakini. Lakini kati ya visa viwili tunapaswa kuchagua kile kinachohitaji maajabu machache. Cha kwanza kinahitaji mauaji ambayo hayakuonekana na mtu, miaka mitatu ambayo hakuna aliyeuliza, uso uliofanana, nyumba nzima iliyopofuka, na kijana asiye na haki ya kiti aliyetokea kuwa mtu pekee mwenye ujasiri. Cha pili kinahitaji jambo moja tu, jambo ambalo ikulu za dunia zimeliona mara nyingi: wakuu walimuua mfalme aliyewapunguzia mali, kisha wakasema hakuwa mfalme. Mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wa Dario, na kwa maneno yote aliyoyachonga Bisotun hakuutua. Kwa hiyo katika orodha ya wafalme wa Uajemi, baada ya Cambyses na kabla ya Dario, mwaka 522 K.K. uandikwe kwa jina la Bardiya mwana wa Koreshi.